Chenga za Kutu Nilizoziosha kwa Kostiki

Muscat,
Jumanne, baada ya adhuhuri.

Kwa dada yangu Mwanahawa, Magomeni, Kilosa.

Dada, shikamoo. Shikamoo hii naomba uiitikie sasa hivi, kabla hujashuka mstari wa pili, kwa sababu ukishaimaliza barua huenda ukaninyima marahaba.

Kifua chako kinaendeleaje? Ule mvuke wa kostiki bado unaukohoa asubuhi? Nilikwambia ujifunge kitambaa unapokoroga sabuni, ukanijibu wewe si jambazi wa kuficha uso. Haya. Na mama, magoti yake je? Niliposikia mvua za huko zimepiga sana niliulizia habari za Mkondoa kabla ya habari za watu, maana mto ule ukija uani haubishi hodi. Shemeji naye huko Mikumi, bado anaziba pancha za malori na kugombana na nyani juu ya kikapu cha chakula? Mwambie nyani wake nimewasifia mpaka Uarabuni. Watu hapa wanaamini nimekulia katikati ya tembo na simba. Sijawaambia kwamba nilikulia pembeni ya lami ya Mikumi nikiuza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa Iringa, na simba niliyemwona karibu zaidi ni yule wa kwenye noti.

Mimi mwili wangu ni mzima. Suruali nilizokuja nazo hazifiki tena kiunoni, zinaishia mapajani. Ukiniona utasema huyu ameshiba, na ni kweli nimeshiba. Lakini tumbo na roho havili sahani moja, dada.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Nikituma ujumbe wa sauti pale kwako unasikilizwa na ukumbi mzima: watoto, wapangaji, mpaka mteja aliyekuja kuchukua mche mmoja wa sabuni anavuta kigoda asubiri mwisho wa habari. Nilicho nacho leo si cha ukumbi. Kuna bwana mmoja wa Ifakara anasafiri kesho, amekubali kuiteremsha bahasha hii kwa shemeji basi likisimama Mikumi. Isome kwanza peke yako, huko nyuma kwenye madumu yako. Halafu wewe ndiye utakayeamua mama asomewe nini.

Tuanze na uongo wangu ili tuumalize. Pale Magomeni nimejitangaza injinia wa bahari. Nasikia hata yule bwana wa duka la spea za baiskeli anawaambia wateja, "Mdogo wake Mwanahawa ni injinia Muscat." Dada, shule yangu unaijua: kidato cha pili kilinitema kama mwiba wa samaki. Kazi yangu ni kuosha tangi la samaki. Ila usifikirie ndoo. Ni bahari nzima imetiwa ndani ya kioo, sebuleni kwa bibi mmoja anayeitwa Bi Zuwena, urefu wake kitanda cha sita kwa sita na hatua moja juu yake. Mna maji ya chumvi, mna pampu za kutengeneza mawimbi, mna samaki wa rangi za kanga, na mna matumbawe. Matumbawe si mawe, dada. Ni viumbe, wana midomo, wanakula, ukiwaudhi wanajikunja. Nimewalea miaka sita na ninawajua kuliko ninavyowajua wajomba zangu.

Bi Zuwena alizaliwa Unguja akaja huku akiwa msichana, na Kiswahili chake ni kizuri mpaka changu kinaona haya kufungua mlango. Macho yake yameingia ukungu. Lile tangi alilijenga marehemu mumewe, na katikati palikuwa na tumbawe moja la mviringo, la kijani, lenye mikunjo kama ubongo. Mumewe alilileta likiwa dogo kama ndimu, nami nikalikuta kama kichwa cha mtu mzima. Kila siku baada ya alasiri Bibi hukaa mbele ya kioo na kikombe chake cha kahawa. Hawezi kuwaona samaki, anasema anaona rangi tu. Ile ya kijani alikuwa anaiita Mzee. "Selemani, Mzee kaamkaje leo?" Nami namjibu, "Mzee mzima, Bibi, anakusalimia." Ndivyo tulivyoishi.

Mtu wa tatu wa nyumba ni Biju, mpishi, mtu wa kusini mwa India. Ana miaka kumi na minne pale. Kiswahili amefundishwa jikoni na Bibi, ambaye yeye humwita Mama, kwa hiyo anajua majina ya viungo vyote na vitenzi vichache. Siku nilipofika, mimi na begi langu la mkononi na majigambo yangu, kiyoyozi kilinitetemesha kama kuku aliyenyeshewa. Biju hakunijua jina, lakini alikwenda chumbani kwake akatoka na blanketi lake mwenyewe akanifunika. Kwa miaka sita tumekula sinia moja. Habari ninayokuandikia ni ya huyo.

Sasa nikueleze kidogo kazi, uelewe kosa. Adui wa tangi ni fosfeti. Neno lisikutishe, unaifahamu. Ndiyo iliyomo kwenye mbolea ya kupandia mnayotia mashimoni kule shambani, Ulaya yetu ya Kilosa, ili mahindi yashike mizizi. Kwenye tangi inatoka kwenye chakula cha samaki na kinyesi chao, na kwa kuwa hakuna mahindi, inaotesha majani ya utelezi yanayofunika kioo na kuyakaba matumbawe. Dawa yake ni chenga ndogondogo nyekundu, kama kutu iliyosagwa, maana ni kutu kweli. Unazijaza kwenye bomba la plastiki, pampu inapitisha maji katikati yake, fosfeti inanasa kwenye chenga, maji yanatoka safi. Baada ya wiki kadhaa chenga zimeshiba, hazinasi tena. Na wenzetu wakifika hapo wanafanyaje? Wanatupa!

Mimi na wewe tumelelewa na mama mmoja. Majani ya chai yalikuwa yanachemka asubuhi na kurudi kazini jioni. Nitupe vipi kitu ambacho hakijavunjika? Nikamuuliza fundi wa duka la samaki, akaniambia chenga zinaweza kurudishiwa nguvu. Unaziloweka kwenye maji ya kostiki, fosfeti inaachia, unazisuuza sana, unatia asidi kidogo ya kuvunja ukali wa kostiki iliyobaki, unasuuza tena, kisha unapima yale maji kwa matone yanayobadilika rangi. Matone yakikubali, unarudisha chenga kazini. Nilitamani kucheka. Kostiki! Ananifundisha kostiki mimi, niliyesimama kwenye pipa la Mwanahawa tangu sijang'oa meno ya utotoni!

Nikafanya mara tatu, zikafaulu zote tatu. Bwana Nasri, mtoto wa Bibi anayesimamia nyumba, mtu ambaye tabasamu kwake ni la sikukuu, alisema mbele ya watu, "Huyu Selemani ana akili." Dada, nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima kama mtu mwenye viatu vipya.

Mara ya nne ilikuwa Alhamisi. Bwana Nasri alikuwa aje na wageni Ijumaa kula chakula cha mchana, na kioo kilikuwa kimeanza kuota ukijani. Chenga zilikuwa kwenye kostiki tangu jana yake. Nikazisuuza. Nikafungua kabati nichukue matone, chupa kavu. Ningempigia fundi, lakini wiki hiyohiyo alikuwa amenicheka mbele ya wateja wake, na kichwa changu kikakataa. Asidi nayo nikasema ni mbwembwe za wenye maduka. Nikafanya unavyofanya wewe kwenye sabuni: nikachukua chenga mbili tatu nikazigusisha ncha ya ulimi. Si unajua, sabuni mbichi inauma ulimi kama betri, iliyoiva haiumi. Hazikuuma.

Biju alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kitunguu.

"Seli, wewe kula kutu?"

"Napima," nikamwambia. "Ulimi huu umefuzu Kilosa. Ni maabara ya kutembea nayo."

"Mimi lamba mchuzi, Mama sema Biju adabu hapana. Wewe lamba kutu, wewe injinia."

Tukacheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko, akasingizia kitunguu. Hatujacheka tena pamoja.

Nikazijaza chenga kwenye bomba, na kwa kuwa nilitaka kioo kiwahi kung'aa kwa wageni, nikajaza mara mbili ya kawaida. Nikawasha pampu, nikaenda zangu kuoga.

Kumbe kutu si sabuni. Fundi alikuja kunieleza baadaye, nikiwa sina tena mdomo wa kubishana: kila chenga ina vitundu ndani kama andazi, na kostiki ilikuwa imejibanza humo. Ulimi ulipita nje ukakuta usafi. Maji ya pampu yakapita ndani.

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yameanza kuwa meupe, kama maji ya kuoshea mchele. Nikajipa moyo kwamba ni vumbi la chenga litatulia. Nikafunua kifuniko cha tangi samaki wapate hewa, nikavaa kanzu nikaenda msikitini. Niliporudi, dada, sijui nikuandikieje. Samaki wako juu wanahema, wengine wamelala ubavu. Matumbawe yanatoa ute mweupe unaoning'inia kama makamasi ya mtoto. Na Mzee alikuwa anabanduka. Ile nyama yake ya kijani ilikuwa inachanika vipande vipande na kuondoka na mawimbi, mfupa wake mweupe unaonekana chini.

Nilizima pampu. Nikachomoa bomba la chenga. Na hapo mkono wangu ukafanya kitu kabla kichwa hakijauruhusu: ukalitia bomba kwenye ndoo na kulifunika matambara.

Bwana Nasri aliingia na wageni wake nikiwa nimeshika ndoo hiyo. Pembeni ya tangi palikuwa na chupa ya dawa ya kung'arisha vioo. Biju aliitumia asubuhi ile kufuta kioo kwa nje, kwa heshima ya wageni. Bwana Nasri akaiokota, akainusa.

"Nani kapuliza hii hapa?"

"Mimi, Bwana," Biju akasema. "Nje tu. Kioo ya nje."

"Na kule juu palikuwa wazi?"

Biju akatazama juu. Palikuwa wazi. Mimi ndiye niliyepaacha wazi.

"Umeua kitu cha baba yangu," Bwana Nasri akasema. Hakupaza sauti.

Dada, kinywa changu unakijua. Kinaongea hata usingizini, mama aliwahi kukifunika mto. Siku hiyo kilinyamaza kama duka lililofungwa kwa msiba. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa Biju, na ushahidi wote nimeushika mkononi chini ya matambara.

Wageni walipoondoka Biju alinifuata stoo. Macho yamemvimba. "Seli, wewe najua maji. Dawa ile yangu, kweli imeua?"

Hapakuwa na mtu mwingine. Ningeweza kusema hapohapo, tukaenda wote wawili kwa Bwana Nasri. Nikamwambia, "Labda."

Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine mkubwa kama ghorofa, na haukumdhuru mtu. Hako kaneno kadogo kakafanya kazi kuliko wote. Maana Biju alikaamini. Mimi si ndiye injinia? Mtu aliyesingiziwa anabaki na hasira yake, anaikumbatia, inampa joto. Biju hakubaki hata na hiyo. Kuanzia hapo alikuwa mtu aliyeua. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko alikuwa anakwenda mbele ya tangi, anaweka kiganja kwenye kioo, anasema maneno ya kwao taratibu, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu. Mimi napita nyuma yake na ndoo ya maji ya kubadilisha. Napita kwenda, napita kurudi.

Bwana Nasri alimpa mpaka mwisho wa mwezi arudi kwao, na kazi ya jikoni niongezewe mimi. Bibi hakutia neno. Aliendelea kukaa na kahawa yake mbele ya maji yale. Siku moja tu alisema, "Mzee simwoni leo." Nikachukua ndoo yangu nikatoka.

Kwa kuwa mimi ndiye nitakayerithi jiko, Biju akaanza kunifundisha. Hapo ndipo adhabu ilipoanza, dada. Mtu ninayemwangamiza ananionyesha kwa upole jinsi uji wa Bibi usivyotiwa chumvi, jinsi wali wake unavyolainishwa, kidonge kipi kabla ya kula na kipi baada. Siku ya kumi na moja tangu Ijumaa ile akanifundisha samaki. Kwa kuwa Bibi haoni, miiba yote inatolewa kwa vidole, mmoja mmoja, na baada ya hapo unapitisha vidole tena umefumba macho.

"Mwiba moja, Mama kufa," akasema. "Tena."

Nikarudia. Akapitisha vidole vyake, akatoa mwiba kama uzi. "Tena."

Mara ya tatu hakukuta kitu. Akatikisa kichwa kwa furaha, akanipiga bega. "Vizuri. Mkono yako safi, Seli. Wewe angalia Mama." Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, ameigeuza viganja juu kama mtu anayeomba dua. "Mimi kwenda nyumbani, sipiki tena kwa mtu. Mimi shika kitu, kitu kufa."

Alilisema bila kulia. Kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha.

Nilimwacha pale na samaki wake nikaenda moja kwa moja sebuleni, nikijua nikipitia chumbani kwangu nitageuza nia. Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Nikakaa chini kwenye zulia.

"Bibi, si Biju. Ni mimi."

Hakuuliza nini. Akaweka kikombe kwenye kisahani. "Sema polepole, Selemani. Usiruke kitu."

Nikasema. Kostiki, matone, asidi niliyoidharau, ulimi, bomba nililolificha, na ile labda. Mwisho nikafika kwenye tumbawe la marehemu. "Nimemuua Mzee wako, Bibi."

"Hebu muache Mzee," akasema. "Lile ni tumbawe tu. Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Siku kumi na moja unampita mwenzio analia."

Nikainama.

"Mimi kilichoharibika ni macho. Masikio yangu mazima. Kila asubuhi nilikuwa namsikia Biju pale kwenye kioo, na naisikia ndoo yako inapita. Nikawa najiuliza, huyu mwengine mbona hata siku moja hasimami akamwambia mwenzake pole?"

Hakunitukana, dada. Angenitukana ningepata pa kushika. Akanisukumia simu kwa ncha za vidole. "Mpigie Nasri. Maneno ni yako, yaseme mwenyewe."

Bwana Nasri alikuja kabla ya magharibi. Nikarudia yote, mlango wa jikoni wazi, Biju anasikia. Nilipofika pa ulimi akaniambia rudia hapo, nikadhani atacheka, na naapa ningefurahi angecheka. Hakucheka. Akaenda jikoni, nikamsikia anamwambia Biju, "Utabaki." Neno hilo moja, hakuongeza samahani wala pole. Akatoka akaniambia mimi, "Tiketi ya mwisho wa mwezi ipo palepale. Nitabadilisha jina na nchi."

Basi. Kwa hiyo dada, ninarudi. Mwisho wa mwezi huu, kabla hujamaliza kuniwazia. Sitakuja na lile begi la magurudumu nililolisifia kwenye simu. Wasipange watu kunipokea stesheni. Nikishuka kwenye treni pale Kilosa nitatembea mwenyewe mpaka Magomeni, jua likiwa kali nitakuwa nimestahili.

Lakini si hilo linaloniuma, kurudi nimekukubali. Nikueleze lililobaki.

Bwana Nasri alipoondoka nilimfuata Biju jikoni. Nilijiandaa kwa kipigo, hata saa nilikuwa nimeivua nikaitia mfukoni. Alikuwa ameanza samaki mwingine wa Bibi.

"Biju, nisamehe."

Hakuinua kichwa. "Wewe naona mimi lia?"

"Nilikuona."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akachomoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani. Akatafuta mwingine kwa vidole, akauchomoa. "Toka jikoni," akasema.

Tangu siku hiyo chakula changu nakikuta kwenye benchi la nje ya mlango wa jikoni, kimefunikwa sahani. Yeye anakula ndani, amefunga mlango. Nilitegemea aninyime nyama, au anitilie pilipili ya kisasi, mimi ningefanya hivyo. Hajapunguza kitu. Wali ni uleule, mchuzi uleule, na kipande changu ninachokipenda, cha mkiani, amenitilia. Ninakula nikiwa nimekaa peke yangu kama mgeni wa kituo cha basi.

Na sasa zamu zimegeuka: yeye ndiye atakayelea tangi nikiondoka. Bibi ndiye aliyetaka hivyo. Kwa hiyo kila siku baada ya kahawa ya Bibi, Biju anasimama nyuma yangu na daftari lake, mikono ameikunja, na mimi namfundisha. Zile chenga nimezitupa, sikutaka kuziona. Fundi ameleta mpya pamoja na matone yake, na maji sasa ni mazuri. Wamepona samaki wawili, na pembeni kabisa kuna vitumbawe vitatu vidogo vimeanza kufungua midomo. Namwonyesha Biju jinsi ya kuwalisha kwa bomba jembamba. Anaandika kila neno kwa maandishi ya kwao, mazuri kama vikuku. Nikimaliza namwambia, haya, jaribu wewe. Anashika bomba, anasogea mpaka kwenye maji, halafu mkono unasimama hapo juu. Hauingii.

Jumapili nilimwambia, "Biju, si wewe uliyeua. Umesikia mwenyewe. Ni mimi."

"Najua," akasema.

Lakini mkono haukuingia. Na leo haukuingia. Ukweli nimeshausema kwa Bibi, kwa Bwana Nasri, kwa yeye mwenyewe, na sasa kwako. Umefika kila mahali, ila haujafika kwenye vidole vya mtu yule. Nimebakiza siku chache, dada, na sijui kingine cha kumwambia mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema. Kesho nitamwambia tena jaribu. Niombee dua aingize mkono kabla sijaondoka. Sikuombi aninyooshee mimi, nakuomba auingize tu kwenye maji.

Nisalimie mama, umshikie mkono kwanza ndipo umwambie. Nilitaka kukuandikia umfiche, umwambie mkataba umeisha. Hapana. Mwambie mwanawe alimwacha mtu alie kwa kosa lake. Atanuna, halafu atauliza kama nakula vizuri. Nisalimie shemeji wa Mikumi na umshukuru kwa kuipokea bahasha, na mjomba muadhini, na jirani yetu mama wa vitumbua ambaye najua anachungulia begani kwako sasa hivi, mama, shikamoo. Yule bwana wa spea mpelekee salamu, na umrekebishe kuhusu kazi yangu. Wanao wote wabusu vichwani.

Kitu kimoja. Pamoja na barua utakuta kifurushi cha iliki, kimefungwa kwa uzi. Nilipokuwa natafuta bahasha asubuhi Biju alitokea mlangoni mwa chumba changu, mara ya kwanza tangu yatokee haya. Akauliza jina la dada yangu, nikamtajia. Akajaribu kulitamka, likamshinda, akanikabidhi kifurushi bila kunitazama usoni. Nikaanza kumshukuru, akanikatiza.

"Hii ya dada," akasema. "Siyo ya wewe."

Basi ni yako. Mimi sijaionja.

Wako wa tumbo moja,
Selemani